Siku Niliyonyimwa Firigisi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote katika ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyonyimwa firigisi ya kuku. Usicheke. Kwetu Kabras kuku akichinjwa, firigisi haiendi kwa yeyote aliye karibu na sufuria. Huwekewa mwanamume anayeheshimiwa pale nyumbani, na tangu jina langu lianze kutoka gazetini, mwanamume huyo nilikuwa mimi. Shangazi Rasoa, aliyenilea, alipenda kuwaambia majirani kwamba boma letu limepata mdomo. Nami nikavimba kichwa.

Nilikuwa mwandishi wa gazeti hapa Kakamega mjini. Shingoni nilivaa kitambulisho kilichonifungulia ofisi za wakubwa, na kusema kweli nililala nacho chini ya mto. Lakini kilikuwa na masharti. Kila mwandishi aliandika swali lake kwenye karatasi, akampa afisa wa habari, naye akatia alama ya vema penye swali la kupendeza na kupiga mstari penye swali la kuudhi. Ukiuliza lililopigwa mstari, kesho yake askari wa getini hakujui.

Wakati huo zahanati ya kwetu ilikuwa imejengewa wodi ya kina mama kujifungulia. Kazi ilikwisha, vitanda vimo ndani na nailoni zake, tulivichungulia dirishani. Ila mlango ulikaa na kufuli miezi mingi, ukimngoja mkubwa kutoka Nairobi apate nafasi ya kuja kukata utepe. Wajawazito wakaendelea kubebwa kwa baiskeli hadi barabara kuu. Nanjala, mke wa ndugu yangu, alikuwa karibu kujifungua.

"Shemeji," aliniambia, "wewe unaonanga hao watu. Waulize tu, hiyo mlango itafunguliwa lini?"

Nikamwahidi. Ahadi ni deni, nilijua hivyo tangu utotoni.

Siku ya baraza alikuja afisa wa mkoa ambaye funguo zilikaa ofisini kwake. Wananchi waliketi kwenye nyasi, wakaambiwa waandishi watauliza kwa niaba yao. Sisi tulipewa viti chini ya hema. Karatasi yangu yenye swali la mlango ule ikarudi ina mstari, na afisa wa habari akaninong'oneza: "Usituharibie siku. Muulize siri ya uchapakazi wake."

Nikasimama. Nanjala alikuwa mbele kabisa, amenyoosha miguu, ananitazama. Nikauliza siri ya uchapakazi wake. Jibu lilikuwa refu, na mwanangu, sauti yangu ya siku ile hunitia aibu hadi leo.

Nilipoketi, Mzee Lukoye akainuka kwenye nyasi bila ruhusa. Alikuwa mkata miwa, mguu mmoja mbovu, shule hakuijua. "Na hiyo mlango ya wamama itafunguliwa lini?" akauliza. Askari wakamkalisha chini kwa kumvuta shati, na tukatangaziwa kwamba muda umekwisha.

Shangazi alikuwa amechinja kwa ajili yangu. Akamwalika Mzee Lukoye pia. Obusuma, ugali wetu, ikaja, ingokho, yule kuku, ikaja ndani ya mchuzi wake, nikanawa mikono, nikangoja. Shangazi akanipita, akaiweka firigisi kwenye sahani ya mzee.

"Senje," nikamwambia, maana ndivyo tunavyomwita shangazi, "umenisahau?"

"Sijakusahau. Firigisi tunapatianga mwenye anaongelea boma. Wewe ulikuwa na kiti, Lukoye alikuwa na nyasi. Nani aliongea?"

Hakupandisha sauti, akaendelea kugawa mboga. Afadhali angenichapa.

Siku nne baadaye Nanjala alishikwa na uchungu. Baiskeli ilimfikisha nusu ya njia tu, na mtoto akazaliwa kando ya shamba la miwa. Hakulia, wala hakupumua. Siwezi kukwambia kwamba swali langu lingefungua kufuli kwa siku nne. Wala siwezi kukwambia kwamba lisingefungua. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nimemlea mpaka amezeeka pamoja nami.

Wiki iliyofuata sisi waandishi tuliitwa kwenye ofisi ya afisa yule wa mkoa. Nikaliuliza lile lililopigwa mstari, nikasema na yaliyompata Nanjala. Afisa wa habari akasema, "Swali lingine." Wenzangu wakainamia madaftari, kama nilivyoinamia langu walipofukuzwa wengine. Halafu mama mmoja wa gazeti la kanisa, mpole ajabu, akainua mkono. "Swali langu ni hilohilo," akasema. Wa nyuma yake akadakia, "Na langu." Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kitambulisho changu kilichukuliwa mlangoni, na sikukiona tena. Wodi ilifunguliwa mwezi huohuo, bila utepe.

Shangazi akachinja tena, na safari hii firigisi ikaletwa kwangu. Nikaitazama, nikainuka, nikaiweka kwenye sahani ya Nanjala. Kwa wanawake wa kwetu ilikuwa mwiko, na wazee wakaguna. Nanjala aliishika muda mrefu. Kisha akaila, machozi yanamtoka, na Shangazi akamsogezea mchuzi.

Naona siku hizi ninyi mnaletewa masharti kwenye simu: tuma swali mapema, ukiudhi unatolewa kwenye grupu. Ni karatasi ileile. Sikukatazi kukitafuta kitambulisho, mwanangu. Nenda, bisha hodi, msalimie mkubwa vizuri, maana heshima si utumwa. Lakini kiti unachopewa kule mbele si chako. Umekikalia kwa ajili ya mtu aliyeambiwa abaki kwenye nyasi, na swali lake ndilo kazi yako. Mwenzako akinyamazishwa, usiinamie daftari. Lirudie swali lake. Na wakikufungia mlango, kachungulie dirisha la zahanati, kaongee na waliosimama nje. Mimi nimeandika miaka mingi bila kitambulisho, na habari hazikuniishia.

Haya, nenda. Mungu akulinde wewe na kalamu yako, akupe wenzako wasiokuacha usimame peke yako. Na ukirudi nyumbani, akujalie kumtazama Nanjala wako usoni.