Ute wa Mizizi

Siku yangu ya kwanza kazini, pembezoni mwa Guangzhou, China, laoban, yaani mwenye karakana, alinipa mwiko na kunionyesha sufuria la mizizi iliyochemka. Kabla ya hapo nilikuwa nikifungasha mizigo ya wafanyabiashara wa Dar pale Tianxiu, jengo la maduka ya jumla mjini. Mambo ya dawa sikuyajua. Nilipoinua mwiko, ute ukaning'inia. Nikasema kwetu huu ni mlenda. Laoban akacheka. "Basi kazi umepata. Wenzako wanaona kinyaa."

Tulitengeneza unga wa maabara moja iliyochunguza dawa za asili za Kijapani. Ndani ya ute ule mna polisakaridi, sukari zilizoungana kama shanga kwenye uzi mrefu. Tulichemsha mizizi, tukachuja, tukapunguza maji kwa moto mdogo, kisha tukamimina spiriti. Hapo nyuzi nyeupe zilijitenga na kuzama. Tulizikausha polepole, maana joto kali huzikata.

Baadaye nilipandishwa kuwa msimamizi wa ukaushaji, chini ya mkuu wa maabara, mama mkali asiyependa porojo. Alinionyesha picha: chembe hai kwenye kisahani cha maabara, zimetiwa unga wetu, na virusi vimeshindwa kuzing'ang'ania. Nikasema nitawapelekea watu wa kwetu.

"Hiki ni kisahani," alinijibu. "Kisahani hakina tumbo. Mtu akiumeza, hatujui unafika wapi."

Nilimsikia vizuri. Lakini nyumbani walishaanza kuniita daktari, mimi wa kidato cha nne, nami sikuwakataza.

Siku moja kaka yangu Masoud alipiga simu kutoka Tanga. Malengelenge yalikuwa yamemtoka upande mmoja wa paji la uso, yanaunguza, yameshuka hadi kwenye kope. Zahanati walimwambia ni mkanda wa jeshi, aende hospitali ya mkoa asikawie.

"Wewe daktari wetu unasemaje?"

"Subiri, kaka. Nakutumia dawa."

Unga ulikwenda na mfanyabiashara. Masoud aliusubiri, akaunywa, akasubiri tena. Alipofika hospitali, jicho lilikuwa limekwisha kuharibika. Madaktari walisema dawa ya virusi ilitakiwa ianze mapema.

Sasa nimestaafu. Vijana wa Xiaobei, mtaa wa Waafrika hapa Guangzhou, bado huniulizia ule unga. Huenda siku moja ukawa dawa kweli. Mimi nawaelekeza hospitali, nao huniona mchoyo.

Masoud hajawahi kunilaumu. Akinipigia simu ya video, hugeuza uso kidogo, nione upande mzima tu.