Chupa Ndogo ya Zaatari

Wiki iliyopita kijana mmoja wa ofisini kwetu hapa Lodwar alileta kile kidude cha kutoa mvuke, akakichomeka kwenye umeme, akatia maji na matone ya mafuta, kisha akakaa akisubiri kusifiwa. Mvuke ulipotoka nilijua ni nini kabla hajafungua mdomo. Harufu ya jani kavu lililochanganyika na dawa ya meno, kali, inayopanda puani na kukaa nyuma ya macho. Zaatari, au thaimu kama wanavyoiandika kwenye vichupa vya supamaketi. Nilimwambia azime. Akaanza kunielimisha kwamba haya ni mafuta asilia, yametoka kwenye majani, hayawezi kumdhuru mtu. Nikamwambia nge naye ni asilia, nikachomoa waya mwenyewe.

Tangu siku hiyo wananiita mkali, na sikatai. Lakini ninyi nitawaambia sababu, kwa kuwa yeye sikumwambia na sina mpango wa kumwambia.

Nililelewa na Shangazi Nakiru, dada mkubwa wa baba, upande wa pili wa mto Turkwel. Baba alikuwa na mifugo yake huko Lokiriama, tukimwona kwa nadra kama tunavyoiona mvua. Mama alikuwa Kakuma, akiuza chai na mandazi karibu na kambi ya wakimbizi. Shangazi hakujaliwa mtoto. Nilipoachishwa ziwa nilipelekwa kwake nimchangamshe kidogo, na miaka ya shule ilipofika akasema shule ya jirani yake ni nzuri, basi nikabaki. Mama alikubali, kisha akajuta, na hakuna aliyewahi kulisema hilo waziwazi. Walilisema kwa salamu. Mama akija kututembelea, Shangazi alitamka "ejok" akiwa ameinamia kikapu chake cha majani ya mkoma, na mama aliitikia huku akinikagua masikio kama yameoshwa.

Nami nilimpenda Shangazi, kupita nilivyompenda mama. Alinuka moshi na mafuta ya kondoo. Kila jioni, baada ya kuninawisha, alichota mafuta ya mkia wa kondoo kwenye kibuyu na kunipaka kuanzia kisogoni hadi visiginoni, mpaka nikang'aa na vumbi lote la Lodwar likanipenda. Kwetu, mafuta kwa mtoto si ya kupimwa. Mtoto anayependwa anateleza mkononi. Mama anayepaka kwa kidole kimoja husemwa kisimani, na anayechanganya mafuta na kitu kingine ili yafike mbali husemwa zaidi, kwa sababu ni kama amesema mtoto huyu simtaki sana. Shangazi, ambaye mtoto hakuwa wake, alipaka kwa viganja viwili.

Kisha nikaanza kukohoa. Kikohozi kikavu cha vumbi, kilichonikamata asubuhi na kuniachia mchana nikiwa hoi. Mama alikuja akanisikia, na safari hiyo hakukagua masikio. Alisema, "Huyu mtoto anakohoa hivi na wewe unasuka tu kikapu. Shule ikifungwa na hii kifua iko bado, mimi nabeba mtoto yangu." Mama alipoondoka, Shangazi alikitupa kikapu pembeni na hakukigusa tena siku hiyo.

Kuanzia hapo kifua changu kikawa mali ya kugombaniwa. Shangazi alininywesha mchuzi wa mbuzi wenye mizizi michungu hadi nikaogopa bakuli. Alinipeleka zahanati, tukapewa dawa ya maji, ikaisha na kikohozi hakijaisha. Kila nilipokohoa alinitazama kwa jicho la mtu anayeibiwa mchana. Nikajifunza kukohoa ndani ya shuka. Sikutaka kwenda Kakuma, nilitaka kubaki pale nikiteleza.

Shule ilipokaribia kufungwa, dereva mmoja aliyekuwa akipita njia ile alileta mzigo kutoka kwa mama. Ilikuwa chupa ndogo ya rangi ya kahawia, fupi kuliko kidole changu, imefungwa kwenye kitambaa. Dereva alisema, "Mama yake anasema hii ni dawa ya kifua. Ya kupaka." Akaondoka. Mpaka leo sijui kama mama aliituma ili nipone, au ili ijulikane kwamba aliyeniponya ni yeye.

Shangazi alifungua kizibo, akanusa, macho yakamtoka machozi. Akatikisa kichwa kwa heshima, kwa maana dawa isiyokuwa kali kwake haikuwa dawa. Halafu akaitazama ile chupa kwa dharau. "Mafuta ya mtoto mzima, na ametuma ya kupaka panya," alisema. Alinivua gauni, akanilaza kwenye mkeka chini ya kivuli cha ukuta, akaimimina yote kiganjani. Yote. Akanipaka kifuani na shingoni kwa viganja viwili, kama kawaida yake.

Mwanzoni ilikuwa baridi, nikacheka. Halafu baridi ikageuka kitu kingine. Sina neno zuri la kueleza. Ngozi yangu ilianza kuchemka kutoka ndani, na harufu ikanijaa kooni hata nikilia sauti haitoki vizuri. Shangazi alikimbilia dumu la maji, akanimwagia. Maji yaliteleza juu ya ngozi yakaenda zake, na moto ukabaki palepale. Ndipo, kwa kukosa la kufanya, akachota mafuta ya kondoo, akanipaka, akafuta, akapaka tena, na polepole nikaanza kupata pumzi. Malengelenge yalikuwa yameshatoka.

Mama alipopata habari alikuja mbiombio. Hakupiga kelele, na ingekuwa heri angepiga. Alimwambia Shangazi mbele ya majirani wote, "Umechoma mtoto yangu." Maneno hayo matatu yalimfuata Shangazi Lodwar nzima, yakamfikia baba Lokiriama, yakarudi yakiwa yamenenepa. Shangazi alisimama mikono ikining'inia. Alitazama viganja vyake, ambavyo navyo vilikuwa vyekundu. Nilibebwa Kakuma siku hiyohiyo.

Nilimchukia. Si kwa ajili ya maumivu, maana maumivu ya mtoto hupoa. Nilimchukia kwa sababu alikuwa na kazi moja tu, ya kunitibu ili nibaki, akaiharibu kwa ujinga wake. Kila likizo mama aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu, kama nataka kwenda kumsalimia shangazi yangu, nami nilijibu sitaki. Kikohozi kiliisha chenyewe. Alama ilibaki chini ya shingo, kubwa kama kiganja.

Nilipokua nilisoma kila nilichokipata kuhusu mafuta hayo, kama mtu anavyomchunguza adui. Nilijifunza kwamba majani ya zaatari hutiwa kwenye mvuke, na gunia zima hutoa mafuta kidogo tu, ndiyo maana tone moja lina nguvu ya kuunguza. Nguvu yake kubwa inatokana na kitu kiitwacho thimoli, kinachoua vijidudu na ukungu, na ndicho kinachotiwa kwenye dawa nyingine za kusukutua mdomo. Watu tangu zamani wameitumia zaatari kwa vifua na vikohozi, na Waethiopia wa Kakuma hutia majani yake kwenye chai, kinywaji kizuri ambacho hakijawahi kumchoma mtu. Nilisoma pia kwamba Wamisri wa kale waliyatumia kuhifadhi maiti. Maiti hawalalamiki. Na nilisoma kwamba mafuta haya hayapakwi matupu, tena si kwa mtoto, ila tone au mawili ndani ya mafuta mengine mengi ya kawaida, na yakikuunguza, maji hayafui dafu, yanaondolewa kwa mafuta mengine. Yaani kile kibuyu cha kondoo, kilichokuja mwisho, ndicho kilichopaswa kuja mwanzo. Chuki yangu kwa Shangazi ikapata elimu.

Sasa, pale Kakuma palikuwa na duka la Mama Hodan, Msomali aliyeuza ubani, manukato, mafuta na dawa za majani. Lilikuwa karibu na kibanda chetu, lakini mama hakuwahi kunituma huko. Hata sukari alinituma mbali, juani, na nikiuliza anasema pale bei mbaya. Nilimaliza sekondari sijawahi kukanyaga ndani. Siku moja mama akiwa safarini niliingia kununua ubani. Mama Hodan alinitazama shingoni kabla ya kunitazama usoni.

"Wewe si mtoto ya mama mandazi? Ile ya kifua?" aliuliza. Nikamwamkia shikamoo mahali pa jibu. Akaendelea, "Mimi nakumbuka sana. Nilimpa zaatari na simsim, chupa kubwa. Nikamwambia, hii ndogo moto, tia tone mbili tu ndani ya hii kubwa, ndio paka. Nikamwambia mara nyingi. Simsim haikusaidia?"

Nilimwambia sikuwahi kuona simsim, yale mafuta ya ufuta.

Akaanza kupanga vitu ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. Nilitoka bila ubani. Njiani nilikuwa nimeshika ile alama kwa mkono, na hasira yote niliyokuwa nimemwekea Shangazi miaka hiyo ilikuwa imegeuka, inatafuta mlango mwingine.

Mama aliporudi nilimuuliza akiwa anakanda unga. Hakuacha kukanda. "Mafuta ya kula mazuri vile, nitume Lodwar kwa mtu ana mafuta ya kondoo kibuyu mzima?" alisema. "Nilipikia mandazi. Na wewe ulikula, ulipokuja." Nikamuuliza kwa nini basi hakumtuma dereva na maneno ya Mama Hodan. Akasema alimwambia dereva, au alidhani alimwambia, alikuwa na wateja. Nikamuuliza kwa nini aliacha Shangazi aitwe mchoma mtoto. Hapo akanitazama. "Mimi nilituma dawa," alisema. "Sikutuma mkono wa kupaka." Akarudi kwenye unga wake. Tuligombana siku hiyo hadi wateja wakaondoka na chai yao haijaisha, na tangu hapo kati yangu na mama kuna ubaridi ambao hakuna aliyejisumbua kuupasha moto.

Nikapanda gari kuja Lodwar. Sikuwa nimemwona Shangazi tangu nibebwe. Nilimkuta palepale kwenye ukuta, amezeeka, anasuka. Nilipiga magoti nikamweleza yote: simsim, dereva, mandazi. Nilieleza kwa haraka, kwa furaha karibu, nikiwa nimembebea haki yake kutoka Kakuma kama zawadi. Nilimwambia haikuwa kosa lake. Nilimwambia angeletewa ile chupa kubwa na yale maneno, nisingeungua, na nisingechukuliwa.

Shangazi alisuka mpaka mstari ukaisha. Kisha akaweka kikapu chini na kunishika hapa, kwenye alama, kwa kiganja kizima, na kikaenea sawasawa.

"Hata angetuma hiyo simsim," alisema, "hata huyo Msomali angekuja mwenyewe aniambie, mimi ningekupaka ile ndogo peke yake. Kuchanganya ni ya watoto ya watu. Wewe ulikuwa yangu."

Nilikuja na hasira iliyopata mwenyewe, nikaondoka nayo haina pa kutua. Siwezi kumchukia Shangazi vizuri, wala kumsamehe, kwa sababu hajaomba na angerudia. Mama siwezi kumchukia vizuri kwa sababu alichotaka ni mtoto wake, nami nilikuwa mtoto wake kweli. Nilichoelewa, nikiwa mtu mzima na nimechelewa, ni kwamba yale mafuta hayakuwa na kosa lolote. Yalifanya kazi yake. Wanawake wawili walinitaka, hakuna aliyekubali kuchanganyika na mwenzake, nami ndiye niliyekuwa ngozi.

Kesho huyo kijana wa ofisini atakichomeka tena kidude chake. Nitakichomoa tena.