Sahani ya Kombe Iliyotoka Surati

Sahani yenyewe nyeupe, ina maua ya buluu, na kwetu Gando haikupakuliwa wali hata siku moja. Ilikuwa ya kombe. Mtu akiugua, mwalimu wa Kurani huandika humo aya kwa zafarani, zikaoshwa kwa marashi, mgonjwa akanywa. Marehemu mke wangu aliirithi kwa bibi yake, na bibi akisema ilitoka Surati, bandari ya Bara Hindi, zama za Wazungu kugombania biashara huko.

Mimi shule niliishia la tatu, lakini kubisha nabisha. Jirani yangu akishikilia kuwa aliyeipakia ni Mreno, mwenye bahari yake. Mimi nikisema Mreno alikwisha sukumwa na Mwingereza na Mholanzi, na hao nao wakageukiana kwa ajili ya nguo na pilipili, Wahindi wenye bandari yao wakitazama. Hata mchezo wetu wa ng'ombe hapa Pemba, watu wasema katuachia Mreno, lakini hayo tuyaache.

Akaja Wete mtaalamu wa vyombo vya kale, akataka kuichukua sahani akaichunguze ilikotoka. Mke wangu alikataa, akasema chombo cha dawa hakitembezwi. Nikamwambia siku mbili tu. Nilitaka kumshinda jirani, hapana jengine. Mtaalamu akavuka nayo Unguja.

Wiki ya pili mke wangu akashikwa na homa. Hospitali walifanya yao, wakaturudisha nyumbani. Macho yake yalikuwa na ukungu siku nyingi. Akataka kombe, kwa sahani yake. Nikapiga simu Unguja, nikaambiwa bado yatazamwa. Ikabidi mwalimu aandike kwenye sahani ya jirani, yule yule mbishani wangu. Aliileta mwenyewe, wala hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi.

Nikamnyanyua mke wangu, nikamwegemeza begani.

"Ndiyo yenyewe, bwana?"

"Ndiyo, bibi."

Ile ya Surati ilikuwa na pengo ukingoni. Alilitia yeye, mwaka niliomuoa, tukamficha bibi yake. Sasa akapitisha kidole, akauzunguka ukingo wote, polepole. Hakulipata. Nikangoja aniseme, maana umri wetu wote hakuacha kunisema kwa kitu. Hakunisema. Akanywa, akamaliza, akalala, na hakuamka tena, nami nimeshika sahani ya watu.