Ngoma ya Zuwena Inajifunza Kupoa

Saa nne asubuhi, mabati ya vibanda vya stendi ya Lindi yameshachemka, na Zuwena Majid anabishana na ngoma isiyo na ngozi.

Anabonyeza kinanda chake. Du! Anazungusha kidude cha kushoto, kidogo tu. Du! Anatikisa kichwa. Kwenye benchi la nje, wenye simu mbovu wanasubiri zamu yao, midomo haijatulia.

"Dada Zuwena, hiyo ngoma ina mafua?" anauliza dereva wa bodaboda.

"Mafua unayo wewe na simu yako isiyoshika chaji. Tulia!"

Benchi zima linaangua kicheko. Kibanda hiki hakikosi watu. Ukitaka kujua nani kaposwa na nani karudishwa kwao, njoo ukae hapa.

Zuwena, mwenye miaka thelathini na mitatu, hula kwa kutengeneza simu na redio. Siku njema humwachia shilingi elfu kumi na tano. Siku mbaya, nauli na maandazi. Ila korosho zikishauzwa na harusi zikaanza kufuatana vijijini, hubeba kinanda na spika zake akaenda kupiga muziki.

Kinanda chenyewe alikinunua kikiwa kimekufa, akakifufua. Ni cha aina inayozaa sauti kutokana na umeme mtupu, na mpigaji huichonga kwa kuzungusha vidude mpaka iwe filimbi, ngurumo au honi ya basi.

"Vijana wanaotengeneza muziki nyumbani wanachukua sauti za Dar kwenye simu," anasema. "Mimi nataka mtu akisikia, aseme hii ya kwetu."

Sauti iliyomtia aibu ni ya ngoma. Mwezi uliopita aliitwa harusini katika kijiji cha Kitomanga, ambako mpigaji hodari wa ngoma, Mzee Abdurahmani, ameumwa bega na hawezi tena kupiga kwa muda mrefu. Mzee aliiotesha ngoma yake moto mpaka ngozi ikakaza, akaipiga kidogo, na Zuwena akaichonga sauti ileile kwenye kinanda.

Kinamama waliingia uwanjani kwa vigelegele. Wakacheza. Wakacheza tena. Kisha mmoja mmoja wakatoka, wamenuna. Zuwena akaongeza sauti. Akabaki na uwanja mtupu na mbuzi mmoja.

"Nikajua spika imeharibika," anasema akicheka. "Kumbe mbovu ni mimi!"

Aliyemfungua masikio ni Bi Mboni, anayeongoza nyimbo za kinamama kijijini hapo. "Mwanangu, ngoma yako haipoi," alimwambia mbele za watu. "Umetuchezesha kama punda wa kukodi. Tutasemana saa ngapi?"

Ngoma ya ngozi hulegea kadiri inavyopigwa. Sauti ikishuka, hurudishwa motoni, na hapo ndipo wachezaji hunywa maji, shangazi wa bibi harusi hutunzwa fedha, na mafumbo hurushwa yakampata aliyekusudiwa. Ngoma ya Zuwena ilikaza mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa imewanyima watu nusu ya harusi.

Jumamosi hii Bi Mboni anamwoza mjukuu wake, Fauzia. Amempa Zuwena nafasi ya mwisho, na ameshatamka: mashine ikikataa tena kupoa, watapiga makofi tu, na jina la Zuwena litatiwa kwenye wimbo. Wimbo wa Bi Mboni ukitoka Kitomanga, kesho unaimbwa Kilangala. Baada ya hapo, nani atamwita?

"Siachi," anasema Zuwena. "Kinanda kilikuwa maiti kikaamka. Hili la kupoa litanishinda?"

Jaribio la kwanza, sauti ilishuka moja kwa moja. Akampigia simu Mzee Abdurahmani, akamsikilizisha.

"Hiyo imetumbukia kisimani," mzee akajibu. "Ngoma husitasita, mama. Kama mgeni anayeaga na hataki kuondoka."

Tangu hapo anatafuta kule kusitasita.

Kabla ya adhuhuri Bi Mboni mwenyewe anatokea, na furushi la vitenge alivyokuja kununua mjini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Haya, tuisikie hiyo mashine yako isiyo na adabu."

Benchi linamsogezea nafasi. Zuwena anabonyeza. Ngoma inaanza ikiwa imekaza, kavu, na bega la Bi Mboni linaitikia kabla ya uso. Taratibu sauti inalegea, inasita, inalegea tena. Kidole cha Zuwena hakitoki kwenye kidude.

Bi Mboni anaweka furushi chini, anamgeukia mwanamke aliye kando yake, na kumshika goti.

"Ehe, mwenzangu," anaanza, "yule binti wa nyumba ya pili, ni kweli karudi kwao?"

Zuwena anaondoa kidole kwenye kidude, polepole, asije akakigusa kikasogea. Jumamosi anakwenda Kitomanga.