Makasi ya Cape Town

Mwalimu wetu wa jiografia aliwahi kuniuliza mji mkuu wa Afrika Kusini ni upi. Nikamjibu, "Cape Town." Darasa zima likacheka, naye akaniambia nikae chini, jibu ni Pretoria, na kichwa changu kimejaa maji ya kivuko cha Likoni. Sasa nataka kusema hivi, na nasema kwa sababu miguu yangu imefika: nchi ile ina miji mikuu mitatu. Mmoja wa serikali, mmoja wa bunge, mmoja wa mahakama. Ni kama yule mzee jirani yetu mwenye wake watatu, ukiuliza yuko nyumba gani unajibiwa inategemea leo zamu ya nani.

Mimi nilikwenda kwa mke wa bunge. Ilikuwa likizo ya Agosti, niko kidato cha pili, na sikwenda kama mzigo wa mtu. Nilikwenda kama mkalimani.

Mkalimani wa nyanya yangu, mzaa mama. Mwanawe wa mwisho, yaani mjomba wangu, alipanda meli pale Kipevu akiwa kijana na akasema atarudi Idd. Hakusema Idd ya mwaka gani. Meli zikamzungusha dunia, mwishowe zikamwacha Cape Town, akapata kazi bandarini, kisha akapata mchumba. Akaandika kuwa anataka kuoa, msichana ni Muislamu wa huko huko, wa ukoo wa watu waliokaa pale kabla babu zetu hawajazaliwa. Lakini hataoa bila radhi ya mama yake. Akatuma tiketi mbili.

"Radhi haitumwi kwa posta," alisema nyanya. "Nakwenda kumtazama huyo mama wa msichana. Mama ndiye binti wa kesho. Nikimpenda, nitatoa. Nisipompenda, narudi na mwanangu, hata nimfunge kwenye kipeto."

Ndugu zangu wote waliutaka ukalimani. Kaka yangu anaongea Kiingereza cha watalii wa Nyali, dada yangu alishika nambari ya kwanza katika mtihani. Nyanya akanichagua mimi. Watu wakashangaa.

"Huyu mume wangu ni mjinga," akawaambia, maana kwake mimi ni mume, ndivyo utani wa nyanya na mjukuu ulivyo kwetu, "lakini hana haya. Mkalimani mwenye haya hukubania maneno nusu."

Wallahi, sijapata sifa nyingine kubwa kama hiyo maishani.

Kazi yangu ilianza uwanja wa ndege. Afisa wa pasipoti, mwanamke mnene mwenye miwani, akauliza tumekuja kufanya nini nchini mwao.

"Anataka kujua tumefuata nini," nikamwambia nyanya.

"Mwambie nimefuata changu kilichoibwa."

Nikamgeukia afisa nikamwambia kwa Kiingereza safi kabisa, "Tumekuja harusini." Akatabasamu, akagonga muhuri. Nyanya akaniuliza mbona mwizi anacheka. Nikamwambia ndivyo walivyo.

Mjomba alitupokea amevaa koti refu kama mlinzi wa usiku. Nyanya alimshika uso kwa mikono yote miwili, akamgeuza huku na huku kama anayechagua papai. "Umekonda," akasema, na mjomba alikuwa na tumbo. Kisha akamvua lile koti akalivaa yeye juu ya buibui, maana kulikuwa na baridi ambayo sijui niieleze vipi kwa mtu wa pwani. Baridi ile haikai nje. Inaingia kwenye mfuko wa suruali inakushika mkono.

Nikatembezwa mji, na mimi sikutembea kama mgeni. Nilitembea kama mtu aliyekuja kuukagua. Mlima wao umekatwa kichwa, juu ni bapa kama meza, na wingu likiulalia wenyewe husema meza imetandikwa kitambaa. Nyanya aliutazama akasema, "Meza imetandikwa tangu asubuhi, chakula kiko wapi?" Saa sita adhuhuri mzinga ukalia kutoka kilimani, buuum, njiwa wakaruka wote. Huo mzinga wao hulia kila mchana kuwaambia watu saa. Nyanya, ambaye kwake mzinga ni wa kufuturu Ramadhani, akasema, "Bismillahi," akatia tende mdomoni, mchana kweupe, hata bila swaumu. Sikumzuia. Nilitaka tende moja pia.

Lakini usiku, chumbani kwa mjomba, nyanya hakuwa akicheka. Alikaa kitandani na furushi lake mapajani. Ndani ya furushi mlikuwa na doti ya leso, mpya, ingali na harufu ya duka. Mtu wa kwetu anajua, ila nitasema kwa wengine: leso huuzwa mbili zimeungana, kitambaa kimoja kirefu, na mwenyewe huzikata kwa makasi nyumbani kwake, akapinda ncha. Kila moja ina maneno yake yaleyale chini, ndilo jina la leso. Na mwanamke wa pwani hanunui maua ya leso, hununua jina. Akikuvalia jina mbele yako, jua umeambiwa.

Nyanya hasomi herufi hizi za shule, lakini jina la leso halijampita hata moja. Alikuwa amezunguka maduka yote ya mjini mpaka akalipata alilolitaka. Mimi nikalisoma pale kwenye mwanga wa taa:

UMEMPATA WEWE NIMEMZAA MIMI.

"Nyanya! Hii ndiyo zawadi ya mama wa bibi harusi?"

"Ndiyo."

"Lakini hii ni fumbo."

"Kwani nilikuja na mdomo mtupu?"

Mjomba alikuwa mlangoni. Aliliona jina, akanitazama mimi, akamtazama mama yake, akarudi nyuma hatua moja. Mtu huyu amepita tufani za bahari kuu. Pale aliogopa kitambaa.

Kesho yake tukapanda kilima kwenda kwa wakweze. Mtaa wao ni wa Waislamu, nyumba zimeshikana mkono zikipanda mlima, nyingine za waridi, nyingine za kijani, na barabara ni ya mawe. Adhana ikalia kutoka msikiti mdogo, sauti ileile ya Likoni, ila ya mtu mwenye mafua. Nyanya akasimama akaisikiliza yote, na nikaona uso wake umelegea kidogo. Halafu akaukaza tena.

Kanuni aliitoa mlangoni. "Wewe," akamwambia mjomba, "ukae na wanaume chumba kile. Hii ni kesi yako, huwezi kuwa shahidi. Na msichana asiingie mpaka niseme. Mimi, mama yake na huyu mume wangu, basi."

Kwa hivyo chumbani tulikuwa watatu. Mama wa msichana alikuwa mwanamke mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, sindano mbili zimechomekwa kifuani maana ni fundi wa nguo. Akatuletea vitu vitamu vya mviringo vilivyochovywa shira na kunyunyiziwa nazi.

Nyanya akatafuna polepole. "Hii ni kaimati," akaninong'oneza. "Imesahau kwao, lakini ni kaimati."

Nikatafsiri: "Anasema tamu sana."

Mama akasema kwa Kiingereza kuwa binti yake anamheshimu mjomba, na kwamba wao wamefurahi. Nikatafsiri sawasawa. Nyanya akasema, "Mwulize kama furaha yake inajua kuwa mwenzie hajamwona mwanawe tangu hajaota ndevu." Hiyo nikaipunguza makali. Nikasema nyanya alimkumbuka sana mwanawe. Mama akainamisha kichwa.

Ndipo nyanya akafungua furushi. Akaitoa leso ikiwa imekunjwa vizuri, akaiweka mapajani mwa yule mama kama mtu anayeweka karata ya mwisho.

Mama akaipapasa. Akaishika kwa mikono miwili, akaileta kifuani, akasema, "Tramakasi." Akarudia taratibu, akimtazama nyanya machoni, "Tramakasi, mama."

Nyanya akanigeukia. "Amesema makasi?"

Nami nilisikia makasi. Ningefanyaje? Neno hilo halikuwa Kiingereza, na lugha yao nyingine mimi siijui.

"Naam, nyanya. Makasi."

"Makasi ya nini?"

"Labda anataka kuikata."

"Aikate? Hajaikunjua! Hajanusa hata harufu yake!" Nyanya alivuta pumzi puani. "Nimempa doti nzima, anataka kuitenga mbele ya macho yangu. Unaona fumbo hilo? Mimi nimekuja na langu la kuandika, yeye ana lake la mdomo. Ananiambia natengwa na mwanangu."

Nikaanza kusema pengine tuulize, lakini nyanya keshainua kidole.

"Mwambie alete. Alete makasi. Tuone."

Nikamwambia yule mama kuwa nyanya anaomba makasi. Akashangaa, akatazama leso, akanitazama mimi, lakini mgeni ni mgeni. Akaenda akarudi na makasi ya ufundi, meusi, mazito, ya kukatia suti. Akayaweka mezani kati yetu. Hakuna aliyeyagusa. Kutoka chumba cha pili nilisikia kijiko cha mjomba kikikoroga chai, kikikoroga, kikikoroga, na mjomba hatii sukari.

Mama akakunjua leso kidogo, akaona maandishi. Akapitisha kidole juu ya herufi. "Imeandikwa nini?" akaniuliza.

Hapo nikajua kwa nini nilichaguliwa. Ningeweza kusema imeandikwa heri na baraka, na nyanya asingejua kamwe. Kudanganya afisa wa pasipoti ni mchezo tu. Lakini mimi si mkalimani wa kubania nusu. Nikaona nitatafsiri neno kwa neno, kama tunavyofanya shuleni, na atakayechomwa achomwe. Nikasema kwa Kiingereza: wewe ndiwe uliyempata, mimi ndimi niliyemzaa.

Sasa, kwa Kiswahili sentensi hiyo ina meno. Kwa Kiingereza changu cha kidato cha pili meno yote yaling'oka. Ikabaki mama mmoja anamwambia mwenzake habari ya mtoto.

Yule mama akaanza kulia. Hakupiga kelele, machozi tu yalitiririka mpaka kwenye zile sindano.

Nyanya akashtuka. Kwetu ukivaliwa fumbo unatafuta leso kali zaidi unajibu, au unanuna wiki nzima. Hulii mbele ya aliyekuvalia.

"Umemwambia nini?"

"Kilichoandikwa."

"Chote?"

"Chote, wallahi."

Mama akajifuta kwa kiganja. "Mwambie," akasema, "nami ni hivyohivyo. Nimemzaa binti yangu. Siku mume wake akitaka kurudi kwao, atamfuata. Nyanya yako ndiye atakayempata, na mimi nitabaki na mlima huu."

Nikatafsiri, na safari hii sikupunguza wala sikuongeza.

Nyanya alitazama dirishani, halafu akaitazama ile leso, akalitazama jina lake kama mtu aliyetupa jiwe juu ya ukuta akasikia "aa!" ya mtu anayemjua. Kwa sababu aliliona, na mimi nililiona palepale: leso ile zilikuwa mbili, na jina liko chini ya zote mbili. Nyanya alinunua maneno mara mbili akadhani yote ni yake.

Akachukua makasi.

Akatafuta katikati kwa kidole gumba, akakata. Makasi yale ya suti yalipita kama kwenye siagi. Kipande kimoja akamfunga yule mama mabegani, akamvuta ncha ikae sawa, na kingine akajifunga mwenyewe juu ya koti la mjomba.

"Haya," akasema. "Sasa kila mtu na lake. Niitie mwanangu. Na mwanangu mwingine."

Mjomba alipoingia akaona makasi, leso imekatwa, kina mama wawili macho mekundu. Alishika mlango.

"Mama, kumezuka nini?"

"Radhi unayo," nyanya akasema. "Usisimame hapo kama mwizi. Kaa chini, ule kaimati."

Mjomba alikaa chini kweli, sakafuni, akaubusu mkono wa mama yake. Msichana akaja nyuma yake, akapiga magoti kando yake. Alikuwa mzuri, lakini hilo halikuwa kwenye ajenda.

Baadaye, chai ikiwa imemiminwa upya, mjomba akauliza ni nani aliyetaka makasi.

"Mwenzangu huyu," nyanya akasema kwa heshima. "Nilipompa tu, akaomba."

"Aliomba vipi?"

"Tramakasi," nikasema.

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Msichana ndiye aliyeeleza: ni neno la wazee wao, walioletwa utumwani kutoka visiwa vya mbali vya mashariki, na lugha yenyewe imepotea, limebaki neno moja moja. Maana yake ni asante.

Nikamtafsiria nyanya, nikijiandaa kukimbia.

"Asante?" Alifikiri kidogo, akaivuta leso yake shingoni. "Basi angesema asante mapema. Lakini ameomba makasi, amepewa."

Tulirudi Likoni baada ya nikahi. Kwenye kivuko wanawake walimwona nyanya na leso moja tu mpya, wakataka kujua, maana macho ya Likoni hayalali.

"Na mwenzake iko wapi, mama?"

"Imeolewa," akasema nyanya.

Nami nilipofungua shule nikaketi mbele ya mwalimu wa jiografia, nikainua mkono kabla hajauliza.