Wiski ya Mapipa Mawili

Gathogo hakuwa mlevi. Mtu aliyelipwa kuonja pombe kali kiwandani Thika mpaka akastaafu halewi ovyo, yeye huonja akatema. Shida yake ilikuwa nyingine: hakuwa na mtu wa kubishana naye.

Krismasi binti yake Mumbi, aliyeolewa Kentucky kule Amerika, alikuja na chupa mbili za bourbon, wiski ya kule. Kiwanda ni kimoja, mwaka ni mmoja, lakini kila chupa ilitoka kwa pipa lake. Ndiyo wiski ya pipa moja hiyo: haichanganywi na ya pipa lingine, basi kila pipa hutoka na tabia yake, kama watoto wa mama mmoja. Mumbi akarudi kwake. Nyumba ya Ruiru ikanyamaza, maana mkewe Gathogo naye alishazikwa.

Akazionja. Ya kwanza ilikuwa tamu, inanukia sukari iliyoungua na ganda la chungwa. Ya pili, Ngai! Kavu, moshi na pilipili, inakwaruza koo. Hata mwenye mafua angezitofautisha. Lakini ipi ni bora? Hapo akakwama. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kule kiwandani walikuwa wawili, yeye na Nzioka, na hawakuwahi kukubaliana hata siku moja. Gathogo akisema asali, Nzioka anaruka: "Asali gani? Hiyo ni mbao! Enda upenge kamasi, kichwa ya mbuzi!" Wanabishana mpaka chai inapoa. Jamani, ilikuwa raha!

Jumamosi asubuhi akafunga chupa kwa gazeti, akaenda Makongeni, Thika, kwa Nzioka. Alijua mwenzake ameokoka, siku hizi ni mzee wa kanisa. Lakini kunusa ni dhambi? Hakutaka kumrudisha mtu kwa pombe. Alitaka kutukanwa kidogo tu, roho itulie.

Mwelu, mke wa Nzioka, akamfungulia. "Karibu, Baba Mumbi! Umepotea sana!"

Nzioka akatoka chumbani na Biblia kwapani. "Bwana asifiwe, ndugu."

Ndugu! Gathogo moyo ukamwuma. Akajikaza, akaomba vikombe viwili, akamimina tone huku, tone huku.

"Sikuombi unywe. Nusa tu, uniambie."

Nzioka alimtazama mkewe. Akainua kikombe cha kwanza mpaka puani, akakirudisha. Cha pili vivyo hivyo.

Gathogo akatega mtego. "Mimi nasema hii ya pili ndiyo tamu. Sukari tupu. Moshi uko kwa ya kwanza."

Uongo mtupu, tena wa kijinga! Akangoja moto uwake, akijizuia kucheka.

"Ni kweli, ndugu," Nzioka akasema kwa upole. "Wewe ulikuwa na pua nzuri siku zote." Akasimama. "Sasa utaniwia radhi, nangojwa kwa maombi."

Akatoka hivyo, bila hata kugeuka. Gathogo alibaki akitazama vikombe. Heri angefukuzwa.

Mwelu alimsindikiza mpaka geti. Hapo akashusha sauti. "Usimkasirikie. Hakunusa kitu. Nilikuwa namwangalia, alizuia pumzi."

"Kwa nini?"

"Anaogopa. Nyinyi mlikuwa mnaonja na kutema. Ukishaenda nyumbani, yeye alikuwa anarudi kiwandani kumeza. Mimi ndiye nilikuwa nambeba." Akamshika mkono kwa heshima. "Njoo tena, Baba Mumbi, ukute ugali. Lakini uje mikono mitupu."

Haiya! Miaka yote ile walikaa bega kwa bega, na hakujua. Gathogo aliahidi atakuja, na alipoahidi alijua anadanganya. Angekuja kuongea nini? Mbali na pombe, yeye na Nzioka hawakuwahi kuambiana neno jingine.