Siku Ambayo Mfuko wa Vifaa Haukuwa Nyumbani

Fundi kufuli alishtakiwa kwa wizi wa duka la saa, na kilichomponza ni kwamba hakuna kilichovunjwa. Mlango ulifunguliwa kistadi, na mtaa mzima ulijua nani alitia kitasa kile. Akatoka kwa dhamana. Kesho yake angekutana na wakili kwa mara ya kwanza.

Mkewe alitandaza mezani hati ya mashtaka na daftari la kazi. Wakili alikwishasema kwenye simu, "Andika siku ya wizi yote, tangu ulipoamka."

Fundi alimshuku hata huyo wakili. Aliletwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, na tangu lini mtu yule wa ahadi hewa akawa mwepesi wa msaada? Jana alipita mara mbili. "Shemeji, utamwambia nini? Tuwe na neno moja."

Fundi aliandika mpaka mchana wa siku ile, kalamu ikasita. Mkewe akasoma.

"Hapa umeruka. Mfuko wa vifaa ulikuwa wapi?"

"Si hapa nyumbani."

"Haukuwepo. Kaka aliuazima. Mimi ndiye niliyempa."

Fundi akamkodolea macho. Siku tisa, tangu amwone shemeji akiurudisha mfuko, alilimeza neno hilo akidhani mkewe hajui. Naye mkewe alidhani mume ananyamaza kwa sababu alishirikiana na kaka yake. Kila mmoja alikuwa akilala na shaka yake, mgongo kwa mgongo.

"Ni ndugu yako wa tumbo moja," alisema fundi.

"Nawe ni mume wangu. Andika."

Asubuhi walimkuta shemeji mlangoni pa ofisi, shati limenyooshwa pasi, anataka kuingia nao. Wakili, mama mfupi mwenye miwani, akamzuia. "Mteja wangu ni mmoja."

Ndani, fundi aliikalia karatasi yake. "Kwanza niambie, shemeji yangu ni nani kwako?"

"Alipewa namba yangu mahakamani. Simjui, na utakayosema hatayasikia kwangu."

Fundi alimpima kwa macho, kisha akaitoa karatasi. Wakili aliisoma mara mbili.

"Nani aliuona mfuko ukiondoka?"

"Mke wangu."

"Atasema mbele ya hakimu?"

"Muulize mwenyewe."

Mkewe aliitwa, akampita kaka yake bila kumtazama, akasema atasema. Akasema kweli, miezi minne baadaye, na fundi akaachiwa huru. Ila nyumbani kwa mama mkwe hawajakanyaga tena.